Mtaa wamwita daktari, kumbe anahesabu gozi!

Wiki hii naomba tuziache kidogo habari za nani kammwaga nani na nani kaonekana Sinza na shemeji yake, maana kuna jambo limenikwama kooni tangu mwezi uliopita na nisipolitoa hapa sijui nitalitolea wapi.

Ni habari ya shoga yangu. Jina lake silitaji kwa sababu mbili. Kwanza kaniomba. Pili, mama yake analisoma gazeti hili kuliko mhariri mwenyewe.

Shoga huyu nimekua naye Magomeni, nyumba ya tatu kutoka kwetu, tumesukwa nywele kibaraza kimoja na kuchapwa na mwalimu mmoja. Tofauti yetu ilikuja kidato cha nne. Yeye alifaulu akaenda zake kidato cha tano, mimi nikapata divisheni foo, mnaijua, ile ambayo baba akishaisoma anaikunja karatasi taratibu bila kusema kitu, na wewe unatamani bora angefoka. Mwenzangu akamaliza kidato cha sita, mwaka 2019 akapata green card ya bahati nasibu, huyooo Houston, jimbo la Texas. Mimi nikabaki kuwaandikia nyie kwa malipo ya kila makala, ambayo siku nikilipwa kwa wakati nitawajulisha.

Miaka miwili ya kwanza huko unyamwezini alifanya kazi kwenye nyumba ya wazee, anawaogesha, anawalisha, anawageuza kitandani. Ndiyo ile vijiweni mnaita kubeba boksi. Halafu siku moja akapiga simu, kwetu jioni, kwake asubuhi, anahema kwa furaha. "Shoga, nimepata shule! Nasomea mambo ya upasuaji."

Kosa lilikuwa langu. Nilikuwa nimekaa barazani kwa mama yake na simu nimeweka spika. Bi mkubwa alisikia neno moja tu, upasuaji, akapiga kigelegele kilichotawanya kuku wa jirani. Kufikia isha mtaa mzima, kuanzia muuza mkaa mpaka fundi cherehani wa kona, ulikuwa na habari kwamba mtoto wa nyumba ile anasomea udaktari wa kupasua watu. Kufikia Ijumaa jina la mama likabadilika. Tangu siku hiyo anaitwa Mama Dokta, na akiitwa hivyo anaitika.

Sasa nawapa ukweli, maana na mimi nilikuwa siujui mpaka nilipombana mwenyewe kwa ujumbe wa sauti, usiku hadi usiku, bando langu likiteketea.

Kwanza hicho chuo. Wamarekani wana vyuo vikuu vile vya kwenye sinema, majani ya kijani na majengo ya matofali, lakini pia wana vyuo vya jamii. Kile kikongwe kuliko vyote vya umma kilianzishwa Joliet, jimbo la Illinois, mwaka 1901. Chuo cha namna hii kinakufundisha kazi, au kinakuandaa uende chuo kikuu baadaye. Mkazi wa eneo hilo analipa ada ndogo kuliko chuo kikuu, mgeni wa viza ya masomo anakamuliwa zaidi. Darasani unamkuta kijana wa miaka 18 kakaa dawati moja na mama wa miaka 45 aliyechoka na kazi ya kaunta. Hakuna anayemshangaa mwenzake. Shoga yangu anasema kilichomshtua ni kwamba hata waliofanya vibaya shule ya sekondari wana masomo yao ya kuanzia, ya hesabu na lugha, wanapandishwa pole pole mpaka wanafika.

Hapo, msomaji wangu, nilikaa kimya kidogo kwenye simu. Wenye foo wenzangu mnanielewa.

Lakini usikimbilie kuuza kiwanja cha baba! Mjini hapa wapo matapeli wenye vijiofisi na vikadi vya rangi ya dhahabu wanaouza "nafasi za chuo Marekani". Chuo cha jamii hakiuzi nafasi kupitia mtu wa ghorofani. Ukiona mtu anakuomba mshiko wa "kuwahi siti", jua siti anayowahi ni yake.

Haya, na kazi yenyewe. Anaitwa teknolojisti wa upasuaji, wenyewe kule wanamwita kwa kifupi skrabu teki. Siyo daktari. Siyo nesi. Kwetu shughuli hizo za mezani mara nyingi zinafanywa na nesi wa chumba cha upasuaji, ndiyo maana hatuna jina lake barabarani. Yeye ndiye anayeandaa chumba kabla mgonjwa hajaingizwa, anafungua vifaa vilivyokwisha kuuliwa vijidudu, anavipanga mezani kwa mpangilio usiobadilika, halafu mpasuaji akinyoosha mkono yeye anampa kifaa. Anampa kwa kumbamiza nacho kiganjani hasa, ili daktari asilazimike kugeuza macho. Mpasuaji mzoefu wakati mwingine hata hasemi, ananyoosha vidole tu, na wewe uwe umeshajua kwamba anataka mkasi na si koleo.

Na hayo makoleo, jamani! Alinitumia picha ya meza, nikadhani ni duka la spea Gerezani. Kila kimoja kina jina la marehemu fulani. Kuna Kocher, daktari wa Uswisi aliyepata tuzo ya Nobel mwaka 1909. Kuna Mayo, kuna Allis, kuna Babcock. Kuna DeBakey, na huyu kwa Houston ni kama mtoto wa nyumbani, maana alifanya kazi mji huo huo tangu mwaka 1948 mpaka alipofariki mwaka 2008, wiki chache kabla ya kutimiza miaka 100. Wazazi wake walikuwa wahamiaji kutoka Lebanoni, na mama yake ndiye aliyemfundisha kushona. Miaka ya 1950 alinunua kitambaa cha dakroni dukani, akakalia cherehani ya mkewe, akashona mshipa bandia wa kupitisha damu! Mkimwona fundi wa kona tena, mpeni heshima yake.

Shoga yangu alikuwa anaandika jina la kifaa upande mmoja wa kadi, picha upande mwingine, anakariri kwenye basi. Siku nyingine alipitiliza kituo akijibishana na Babcock.

Kabla ya hapo kuna masomo ya darasani: mwili wa binadamu na kazi zake, vijidudu, majina ya kitabibu, dawa. Unachomwa chanjo ya homa ya ini, unachunguzwa kama una kesi polisi, unapimwa kama unatumia unga. Halafu unaingia chumba cha upasuaji cha bandia palepale chuoni, mgonjwa ni mwanasesere, na mnaanza na jambo ambalo mtoto wa Magomeni alidhani analijua tangu chekechea. Kunawa mikono.

Dakika kadhaa kwa saa ya ukutani, kidole kwa kidole, pande zote nne za kila kidole, kucha, kiganja, mkono mpaka juu ya kiwiko. Unainua mikono maji yatiririke kutoka vidoleni kwenda kiwikoni, yasirudi. Kucha za bandia ni marufuku, pete marufuku, rangi iliyobanduka marufuku. (Madada wa saluni, kazi hii haiwafai.) Ukishavaa gauni na glavu, eneo lako safi ni mbele tu, kuanzia kifuani mpaka usawa wa meza, na mikono. Mgongo wako hauhesabiki kuwa safi hata kama gauni limeuzunguka. Kwa hiyo huipi meza mgongo. Mikono haishuki chini ya kiuno. Pua ikiwasha, iwashe.

Siku ya kwanza akagusa barakoa yake bila kujijua. Mwalimu hakumwona. Wenzake hawakumwona. Basi akaendelea, moyo ukimdunda, mpaka mwisho wa zoezi mwalimu akauliza, "Nani kachafuka leo na hakusema?" Akainua mkono. Mwalimu akamwambia arudie kunawa tangu mwanzo, na siku nyingine aseme palepale, kwa sauti, hata kama yuko peke yake chumbani na Mungu wake.

Hapo ndipo mwenzangu alipoanza kupata tabu, na wala si kwa sababu ya damu. Damu aliizoea upesi, ingawa kijana mmoja mwenye misuli ya mchezaji mieleka alianguka kama gunia kisu kilipogusa ngozi kwa mara ya kwanza. Wanashauriwa wanywe chai nzito asubuhi na wasikaze magoti. Tabu yake ilikuwa mdomo. Sisi tumelelewa mkubwa akiongea mdogo anatazama chini. Bosi akikosea unasubiri atoke, ndiyo mnacheka. Huko anafundishwa kwamba mpasuaji bingwa, mwenye mvi, akigusa pembeni ya taa kwa glavu, skrabu teki mwanafunzi lazima amwambie: daktari, glavu yako imechafuka. Shoga yangu akasema neno hilo lilikuwa linafika kwenye meno linarudi tumboni.

Mwalimu wake alimwona. Siku moja wakiwa kwenye somo la kuhesabu, akaandika ubaoni neno refu la kitabibu, linasomeka gosipiboma. Ni jina la gozi iliyosahauliwa mwilini mwa mgonjwa, ikakaa humo mpaka ikavimba au kuoza. Akaeleza kwamba vitabu vya madaktari vinasema nusu ya kwanza ya neno ni Kilatini, yaani pamba, na nusu ya pili ni Kiswahili. Boma. Eti maana yake mahali pa kuficha kitu. Darasa zima likamgeukia mtoto wa Magomeni.

Wewe fikiria. Umevuka bahari, hujafungua mdomo darasani mwezi mzima, halafu lugha yako ndiyo iko ubaoni, na wameikosea!

Akasimama. Akawaambia kwamba kwao boma ni uzio wa kuzunguka nyumba au mifugo, na tangu wakati wa Mjerumani boma ni ofisi ya mkuu wa wilaya. Mahali pa kuficha hajawahi kusikia, labda kama mkuu wa wilaya ana lake. Mwalimu akacheka, akamwambia wapo pia wanaobisha kwamba mkia wa neno ni Kigiriki tu wa kutaja uvimbe. Lakini kuanzia siku hiyo alikuwa akimwita yeye ahesabu kwa sauti mbele ya wote.

Na kuhesabu ndiyo roho ya kazi. Gozi kubwa za tumboni zinakuja tanotano kwenye furushi, kila moja ina uzi unaoonekana kwenye picha ya eksirei. Zinahesabiwa kabla ya kuanza, watu wawili wakitazama, skrabu teki na nesi anayezunguka chumbani, anayeandika ubaoni. Zinahesabiwa tena kabla ya kufunga tumbo. Zinahesabiwa tena wakati wa kufunga ngozi. Sindano hivyo hivyo, vifaa hivyo hivyo. Mkibadilishana zamu katikati, mnahesabu upya. Isipotimia, hakuna kufunga. Mnatafuta, na msipoipata inaitwa eksirei hapo hapo mezani.

Msidhani ni mambo ya Wazungu hayo. Shirika la Afya Duniani lilipotoa orodha yake ya kukagua usalama wa upasuaji, ile ambayo timu nzima inasimama na kuulizana kabla ya nusu kaputi, kabla ya kisu, na kabla mgonjwa hajatolewa, na hesabu ya gozi imo, walikwenda kuijaribu katika hospitali nane za miji minane duniani, kati ya mwaka 2007 na 2008. London imo. Toronto imo. Seattle imo. Na Ifakara imo, ya kwetu Morogoro, ya mpunga na vumbi! Matokeo ya hospitali zote nane kwa pamoja yalichapishwa Januari 2009: vifo baada ya upasuaji vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na matatizo makubwa kutoka asilimia 11 hadi 7. Karatasi moja tu ya maswali. Shoga yangu alipoliona jina la Ifakara kwenye kitabu cha chuo Houston alikipiga picha akanitumia, na alama za kulia kumi na mbili.

Baada ya darasa mwanafunzi anapelekwa hospitali kwa vitendo. Mtaala wao unadai upasuaji usiopungua 120: 30 wa kawaida, 90 wa fani maalumu kama mifupa, macho, uzazi na moyo, na mwingi wake uwe umesimama wewe mwenyewe mezani kama skrabu wa kwanza. Saa sita mguu mmoja juu ya mwingine, kibofu kimejaa, huendi kokote.

Katika hizo 120 kuna moja ambayo hataisahau. Hospitali siitaji na daktari simtaji. Ulikuwa upasuaji wa tumbo, mrefu, umeanza alfajiri. Mpasuaji ni mtu mzima, mkali, aliyeshaanza kuchelewa kwa mgonjwa wa pili. Akanyoosha mkono: uzi wa kufunga. Shoga yangu na nesi wakahesabu. Gozi 20 zimeingia. Zimeonekana 19.

Wakarudia. 19.

Daktari akasema tumboni hakuna kitu, yeye mwenyewe kashapitisha mkono, wampe uzi. Msimamizi wa shoga yangu alikuwa nyuma yake, na anasema alihisi yule mama anamtazama kisogo, haongei. Chumba kizima kikanyamaza, ikabaki sauti ya mashine. Uzi alikuwa nao mkononi. "Shoga, niliona sura ya babu yangu, naapa. Ile sura ya usimjibu mkubwa." Halafu akasikia sauti, akadhani ni ya mtu mwingine, inasema: "Daktari, hesabu haijatimia. Siwezi kukupa uzi."

Dakika kumi na moja. Walitafuta chini ya meza, kwenye mashuka, kwenye viatu. Daktari kaingiza mkono tena tumboni, taratibu safari hii. Walipokuwa wanaita watu wa eksirei, nesi akazitenganisha gozi mbili zilizoganda kwa damu ndani ya ndoo, zikawa mbili badala ya moja. Ishirini.

Kwa hiyo tumboni hakukuwa na kitu. Daktari alikuwa sahihi! Shoga yangu alitaka ardhi impasukie. Daktari akanyoosha mkono akasema neno moja, "Uzi," akapewa, akafunga, akatoka. Hakumshukuru wala kumgombeza. Msimamizi alimkuta chooni analia, akamwambia kwamba mara nyingi inakuwa kwenye ndoo, na kesho mkihesabu 19 utafanya hivyo hivyo. Halafu akamwambia aoshe uso, mgonjwa wa pili yuko njiani.

Alimaliza mwaka 2024. Mtihani wa bodi yao ya taifa una maswali 175, yanayotiwa alama ni 150 na mengine ni ya majaribio bila wewe kujua ni yapi, saa nne. Kuna majimbo hayajali cheti hicho, lakini Texas walitunga sheria yake mwaka 2009, kwa hiyo ilikuwa afaulu au arudi kwa wazee. Akafaulu. Mshahara? Najua mnasubiri. Takwimu za serikali yao kwa mwaka 2024 zinaweka wa katikati juu kidogo ya dola 60,000 kwa mwaka nchi nzima. Msianze kuzidisha kwa shilingi, kodi ya nyumba na bima huko vinakula kama mchwa.

Sasa narudi Magomeni, kwenye kile kilichonikwama kooni.

Tangu kile kigelegele, mtaa umekuwa na daktari wake. Watu wanampelekea Mama Dokta picha za eksirei, karatasi za vipimo, hata picha ya kidonda cha mguu, azitume Houston. Shoga yangu anajibu kila mara, "Mama, mimi si daktari, waambie waende hospitali." Na mama anawaambia wageni: "Kasema nendeni hospitali kwanza, yeye ataangalia akija." Sasa hapo nani muongo? Hata yeye mwenyewe, nilipomuuliza kwa nini hajamkalisha mama akamweleza sawasawa, alikaa kimya. Akasema, "Mama amekuwa mtu kwa sababu ya hilo jina. Baba alipofariki walikuwa wanampita kama hawamwoni."

Ingeweza kubaki kichekesho tu, lakini kuna babu muuza kahawa. Wote tunamjua, na birika lake na kashata zake, anagonga vikombe kuanzia alasiri. Babu ana ngiri. Hospitali walishamwambia siku nyingi afanyiwe upasuaji, akakataa, anaogopa. Mwezi uliopita nimekaa kwenye benchi lake, nikamwona kasimama ghafla kashika kinena, jasho linamtoka. Nikamwambia babu, twende. Akaniambia, kwa utulivu kabisa, "Mjukuu wangu, mimi nasubiri Desemba. Dokta wetu anakuja likizo. Mama yake kaniahidi, atanipasua yeye. Mtoto wa nyumbani ana mkono mwepesi."

Usiku ule nilimtumia shoga yangu ujumbe. Akapiga hapo hapo, ametoka zamu, sauti imekauka. Ngiri inaweza kunasa, utumbo ukakosa damu, na hapo ni suala la saa, hakuna cha Desemba. "Nenda kwa mama kesho asubuhi. Mimi nitakuwa kwenye simu."

Nikaenda. Shikamoo mama, marahaba, chai, vitumbua. Nikazunguka mbuyu nusu saa nzima, nimewauliza mpaka kuku wake hali zao. Simu iko mapajani, najua mwenzangu anasikia. Mwishowe nikasema, "Mama, mwanao si daktari, na babu wa kahawa atakufa akimsubiri." Ndiyo, nilisema hivyo hivyo, bila sukari. Niliandaa maneno mazuri zaidi lakini yalinikimbia.

Mama akaweka kikombe chini.

"Kwa hiyo ni nesi?"

"Si nesi, mama."

"Sasa ni nani?"

Nikaanza kumweleza habari za meza na makoleo, naona haziingii. Ndipo simu ikaongea yenyewe mapajani. Shoga yangu akamsimulia mama yake habari ya gozi ya ishirini, tangu mwanzo. Jinsi daktari alivyotaka uzi, na jinsi alivyomnyima. Mama alisikiliza akiwa kainamisha kichwa, ushungi umemshuka usoni, sikuweza kumwona vizuri.

"Ukamnyima daktari mkubwa?"

"Nilimnyima, mama."

"Akangoja?"

"Alingoja."

Bi mkubwa hakusema kitu tena kwa muda. Halafu akainuka, akavaa viatu, akatoka, mimi namfuata mbio sijui twende wapi. Alikwenda moja kwa moja mpaka kwenye benchi la kahawa, wazee wamejaa wanacheza bao, akasimama katikati yao. "Mwanangu si daktari," akasema, na sauti yake ilitetemeka kidogo mwanzoni. "Nilikosea kusema. Anamsaidia daktari, na anahesabu pamba zisibaki tumboni mwa mtu. Babu, inuka. Bajaji iko pale."

Kuna mmoja alicheka. Sitamtaja, anajijua, na ngoma yake ya harusi sitakuja.

Babu alilazwa siku hiyo hiyo, akafanyiwa upasuaji keshokutwa yake. Mimi na Mama tulikuwa mlangoni wakati wanamsukuma kitanda kuelekea ndani. Alikuwa katetemeka midomo, lakini akamshika mkono nesi mmoja wa chumba cha upasuaji, binti mdogo tu, kofia ya kijani, akamuuliza, "Mwanangu, humo ndani nani anahesabu gozi?"

Yule binti akashangaa, akatutazama sisi, akamtazama babu.

"Mimi, babu."

"Ukiona hazijatimia, utamwambia?"

"Nitamwambia."

Babu akauachia mkono, wakamsukuma ndani.